Perege Aliyeficha Watoto Mdomoni
(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo, Nakwa, Babati)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya uvuvi. Mimi si bwana samaki, wala sikusoma chuo cha uvuvi. Ni mkulima wa mahindi na mbaazi kama ninyi. Nikipata nafasi navua kidogo katika Ziwa letu la Babati. Basi nitawasimulia safari moja tu niliyokwenda na jamaa yangu.

Ilikuwa Jumamosi alfajiri. Tulikuwa wanne katika mtumbwi: mimi, mama watoto, binti yetu wa darasa la sita, na shemeji yangu mwenye mtumbwi. Nyavu niliazima. Zilikuwa na macho madogo, hata kidole gumba hakipiti vizuri. Shemeji aliziangalia akasema, "Shemeji, nyavu hizi si nzuri." Nikamjibu, "Aa, samaki ni samaki, bwana. Tutege tu." Likumbukeni jibu langu hilo.

Tulitega karibu na matete, tukangoja. Tulipovuta mara ya kwanza tulipata kambale mmoja mkubwa. Tukamweka chini ya mtumbwi. Saa nzima ikapita, naye bado anajipindapinda. Binti akauliza, "Baba, mbona huyu hafi?" Sikuwa na jibu. Shemeji ndiye aliyemweleza. Kambale ana kiungo cha pekee karibu na mashavu yake, na kwa hicho huvuta hewa kama sisi. Ndiyo sababu anaweza kukaa katika tope maji yakipungua, hata kutambaa kwenda dimbwi jingine.

Mara ya pili mzigo ulikuwa mzito. Nikafurahi, nikasema leo tumepata. Kumbe! Tulikuwa tumevuta wavu wa zamani uliotupwa na mtu. Ndani yake mlikuwa na samaki waliooza, na ndege mmoja, mnandi, amekufa amenaswa shingo. Ndugu zangu, nyavu za siku hizi ni za nailoni. Haziozi upesi kama kamba za katani. Mwenyewe amekwenda nyumbani kulala, lakini wavu wake unaendelea kuvua usiku na mchana, na hakuna anayekula.

Mara ya tatu tulipata perege wengi. Mama watoto alimshika mmoja, jike, amtoe wavuni. Akapiga kelele, "Baba watoto, njoo uone!" Samaki yule alifunua mdomo, na kutoka mdomoni wakamwagika vifaranga vya samaki, vidogo kama mbegu za mchicha zilizoota mikia. Vilikuwa vingi, hatukuweza kuhesabu. Binti alivichota kwa kata akavirudisha majini. Sijui kama vilipona.

Nilidhani ni ajabu. Si ajabu. Jike la perege wa aina hii hutaga mayai, kisha huyachukua mdomoni. Huyatunza humo mpaka yaangulike, na watoto wakiona hatari hurudi kujificha mdomoni mwa mama yao. Siku zile zote hali chakula cha maana. Na hupenda kukaa maji ya kina kifupi, pale pale karibu na matete tulipotega sisi.

Mama watoto ni mhitimu wa kisomo kama ninyi. Alikuwa na daftari lake, akaandika: perege 43. Kisha akatenga wale waliozidi kiganja cha mkono, akaandika: 9. Akaniuliza, "Hawa 34 waliobaki ni mboga ya nani?" Nikanyamaza. Hesabu ile ndiyo iliyonihukumu.

Lakini tamaa ni kitu kibaya. Nikasema tutege mara moja tena, pale mbele. Jua lilikuwa limeanza kupanda. Shemeji akaona mapovu majini, akasema kwa sauti ya chini, "Kiboko." Mnajua kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, na asubuhi hurudi majini. Tulikuwa tumekaa katika njia yake. Shemeji alipiga kasia kuelekea pembeni, tukaacha wavu. Mnyama akaibuka mahali pale pale tulipokuwa, akapumua kwa kishindo. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia. Binti yangu alinishika mkono, na hakuniachia mpaka tulipofika ukingoni. Wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao. Tulirudi jioni kwa tahadhari, tukautoa wavu ule majini.

Ndugu wahitimu, maji yana siri nyingi. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini wavuvi walimnasa samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha toweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Anaitwa silikanti. Tangu mwaka 2003 wavuvi wa Kilwa, na baadaye wa Tanga, wamemnasa pia hapa kwetu Tanzania. Ikiwa wataalamu wenyewe hushangaa, sembuse sisi? Lakini kushangaa hakutoshi. Tujifunze.

Mimi nimejifunza mambo manne. Kwanza, kabla ya kununua au kuazima nyavu, mwulizeni ofisa uvuvi ukubwa wa macho unaoruhusiwa. Tuna Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Tuliosoma hatuwezi kusema hatujui. Pili, tusitege kwenye matete, ndiko kwenye malezi ya samaki. Tatu, wavu mbovu urudishwe nyumbani, usiachwe majini. Nne, watoto wasipelekwe ziwani saa za viboko. Hili nalisema kwa aibu.

Mama watoto bado anaandika katika daftari lake kila tukivua. Nyavu zetu sasa ni za macho makubwa. Kuna siku tunarudi na perege wanne tu. Lakini wanne hao wanajaza sufuria.

Sasa nawauliza ninyi, mkajadiliane katika vikundi vyenu: wale 34 tungewaacha, wangekuwa wangapi leo?