Kiapo cha Mchezaji Kiliwe Mchana
(Hotuba kwa vijana wa michezo, Tunduma)



Neno nililokuja nalo leo ni kiapo. Najua mkisikia kiapo cha timu, wengi mnafikiri mambo ya usiku: mganga, hirizi ndani ya soksi, wachezaji kukatazwa kupita mlangoni. Hicho ni kiapo cha kufichana, na aliyekila humwona mwenzake kuwa adui. Tena fedha yake hutoka katika mchango wa jezi!

Kipo kiapo kingine. Mwaka 1920, katika michezo ya Olimpiki huko Antwerp, Ubelgiji, mcheza kitara aitwaye Victor Boin alisimama mbele ya umati akaapa kwa niaba ya wachezaji wote kwamba watashindana kwa haki na kufuata sheria. Mtu mmoja aliwaapia wote, hata wale waliokuja kumshinda. Waamuzi nao wakaanza kuapa mwaka 1972, na walimu wa michezo London mwaka 2012. Huko Sydney, mwaka 2000, likaongezwa neno la kukataa dawa za kuongeza nguvu. Kumbe hata wakubwa wa dunia wana hirizi zao, ila za kwao ni vidonge na sindano.

Lakini kuapa ni kazi ya dakika moja. Kazi yenyewe tulionyeshwa na ndugu yetu John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu. Tarehe 20 Oktoba 1968 alikimbia marathoni katika mji wa Mexico, mji ulio juu zaidi ya mita 2,200, ambako pumzi ni haba. Njiani akaanguka, goti likateguka, bega likaumia. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani saa moja na zaidi baadaye, giza limetanda, mguu umefungwa bandeji, watazamaji wengi wamekwisha kwenda zao. Alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio, bali kuzimaliza.

Sasa tutazame hapa kwetu mpakani. Timu ya Tunduma ikicheza na ya Nakonde, Wanyamwanga wapo pande zote mbili; shangazi yuko huku, mpwa wake yuko ng'ambo. Hata hivyo penalti moja ikipigwa, watu hutukanana kwa majina ya nchi, na refa hutafuta pa kukimbilia. Jumatatu watu hao hao wanauziana mahindi sokoni. Je, huo ndio uzalendo? Mimi nasema ni aibu.

Kwa hiyo naleta shauri. Kabla ya kila mchezo, manahodha wawili washike kitambaa kimoja, waape mbele ya watu wote, kwa Kiswahili na kwa Kinyamwanga. Refa naye aape. Fedha ya mganga inunue sanduku la dawa na bandeji. Maneno ya kiapo wayatunge wachezaji wenyewe, yasizidi mistari mitatu, maana upepo wa hapa mnaujua.

Mwenye hoja ya kupinga na asimame sasa, tumsikie.