Mtoto Mmoja, Fomu Mbili za Kodi

Msikilizaji, kila msimu wa kodi nchini Marekani, wazazi waliotengana hugombania mtoto upya, mara hii mbele ya IRS, mamlaka ya mapato ya nchi hiyo. Kila mmoja anataka kumwandika kama mtegemezi wake.

Baba hudai: mimi ndiye ninayetoa pesa za matunzo kila mwezi. Sheria inauliza jambo jingine: mtoto alilala kwa nani? Aliyekaa naye usiku mwingi zaidi katika mwaka ndiye mwenye haki. Idadi ikilingana, haki huenda kwa mwenye kipato kikubwa.

Wengi hukwama kwenye hukumu ya talaka. Jaji wa jimbo anaweza kuamuru baba amwandike mtoto, lakini kwa talaka za baada ya 2008 karatasi hiyo haitoshi. Mama, ikiwa ndiye anayeishi na mtoto, lazima atie saini Fomu 8332 ya kumwachia baba haki hiyo. Hata hivyo, nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini hubaki kwa anayeishi na mtoto, na nadhani hilo ni haki kabisa.

Wapo wanaokimbilia kuwasilisha Januari ili wamtangulie mwenzao. Kutangulia hakumpi mtu haki. Wote wawili huandikiwa barua, na asipopatikana wa kurekebisha fomu yake, ukaguzi hufuata. Hapo barua ya shule au ya zahanati yenye anwani ya mtoto huwa na uzito kuliko bunda la risiti za matunzo. Ndugu zetu Wakenya na Wakongo walioko huko waanze kuzitunza barua hizo sasa.