Barua ya Kujieleza



Nimeombwa niseme juu ya kazi za kompyuta serikalini. Nitaeleza jambo moja tu, nalo ni la barua niliyoiandika kwa makosa.

Ofisini tulikuwa na seva moja iliyoendesha programu nyingi kwa pamoja: ya mishahara, ya kutafuta majalada ya masijala, ya taarifa za kila wiki, na nyinginezo. Ili kujua ni ipi inayotumia nguvu nyingi za mashine, tuliweka programu ya uangalizi iitwayo Netdata. Hiyo ni mfano wa kiranja wa zamu: kila sekunde huhesabu, kisha huchora mchoro.

Lakini kiranja huyu hatambui sura, hutambua majina. Na katika Linux jina la programu inayofanya kazi halizidi alama 15. Ukiziita mbili masijala-tafuta-1 na masijala-tafuta-2, yeye huziona zote kuwa masijala-tafuta. Zilizoandikwa kwa lugha ya Java ni taabu zaidi, kwani kwa kawaida hujitaja kwa jina la yule anayeziendesha, yaani java. Hebu fikirini bweni zima likiitwa majina usiku, na kila kitanda kinaitika "Juma"!

Basi, mwisho wa mwezi mmoja seva ilikwama na mishahara ikachelewa. Nilipoutazama mchoro, kundi la java lilikuwa limepanda kama mlima. Pale kwetu aliyejulikana kwa Java ni kijana mmoja wa ajira mpya, aliyetunga programu ya taarifa. Sikuuliza zaidi. Nikamwandikia barua ya kumtaka ajieleze, na nakala ikaingia katika jalada lake.

Akaja na barua mkononi, akasema kwa adabu, "Shikamoo mzee. Hiyo java ni ipi? Mbona zipo tatu?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile nikafungua faili la apps_groups.conf, ambamo Netdata huelezwa jinsi ya kupanga makundi. Kila mstari una jina la kundi, nukta mbili, kisha majina ya programu za kundi hilo. Nikaongeza mistari mitatu chini ya ule wa java, nikaiwasha upya programu, nikasubiri. Hakuna kilichobadilika. Kumbe faili husomwa kutoka juu, na mstari wa kwanza unaolingana ndio unaoichukua programu. Ule wa java ulikuwa umekwisha zoa zote kabla yangu. Tena kulinganisha jina peke yake hakukutosha. Ilinibidi kuzungushia neno alama za nyota, hivi: masijala: *masijala*, ili litafutwe katika amri nzima iliyoianzisha programu. Humo ndimo jina lake kamili lilimoandikwa. Nikaihamisha mistari yangu juu ya ule wa java, na makundi yakatengana.

Hata hivyo, michoro ya nyuma haipangiki upya. Kilichokwisha hesabiwa kuwa java hubaki java. Kwa hiyo nililazimika kungoja mwisho wa mwezi uliofuata, na kijana yule naye akangoja, barua ikiwa jaladani, tukisalimiana kila asubuhi. Mwezi huo ulikuwa mrefu kwangu. Kwake sijui ulikuwaje.

Siku ilipofika, aliyepanda alikuwa masijala. Ilikuwa ikipanga upya faharasa yake yote saa zile zile za mishahara, kwa ratiba niliyoiidhinisha mimi mwenyewe. Programu ya kijana ilikuwa mstari mwembamba chini kabisa. Tukaihamishia kazi ya faharasa siku ya Jumapili usiku, na mishahara ikatoka kwa wakati.

Niliandika barua ya pili ya kuifuta ile ya kwanza na kuomba radhi, nayo ikawekwa jaladani. Zote mbili zimo, maana katika jalada la serikali folio haichanwi.

Nakala ya faili lile nimempa mwalimu wa kompyuta. Wanafunzi watakaotaka kulichezea, waanze kwa kuuhamisha mstari wa java juu kabisa, waone zile nyingine zinavyopotea.