Rovu na Kitoto Kichanga: Mhadhara wa Umma Uliotolewa Kamina



Nilipoombwa ninene juu ya sumu za kemikali na afya ya watoto wachanga, baadhi ya rafiki zangu walidhani nitaanza na moshi wa Likasi au vumbi la migodi ya Kolwezi, na huko nitafika, Mungu akipenda. Lakini insafu yanitaka nianzie karibu zaidi, yaani katika kijito ambamo mama zetu huvundika muhogo, kwa kuwa sumu iliyochunguzwa kwa kina kuliko zote katika nchi yetu, kwa habari ya tezi ya shingo ya mtoto aliye tumboni, haikuletwa na mtambo wowote, bali huota shambani na kuchimbwa kwa jembe.

Tezi hiyo imekaa mbele ya koo, na mtu mwenye afya hana habari nayo mpaka itakapovimba ikawa rovu. Kazi yake ni kuyanasa madini joto kutoka katika damu na kuyageuza homoni, ambayo pasipo hiyo ubongo wa mtoto haukui sawasawa. Na kiasi inachohitaji ni kidogo mno, mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima na 250 kwa mwenye mimba. Mtu mzima aliyeshiba madini joto ana akiba ya miezi; kitoto kichanga akiba yake ni haba hata yampasa kuifanya upya takriban kila siku. Hapo ndipo ulipo udhaifu wake: jambo ambalo kwa mama ni uvimbe wa shingoni tu, kwa mwanawe huwa ni akili iliyopotea kabla haijapatikana.

Katika miaka ya 1960 matabibu wa Kibelgiji, miongoni mwao François Delange, walikwenda kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu, wakaona jambo lililowashangaza. Kaskazini mwa kisiwa zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, ilhali kusini-magharibi wenye nalo walikuwa wachache. Na hao wote ni watu wa kisiwa kimoja, na walipopimwa mkojo ilionekana kwamba pande zote mbili zimepungukiwa na madini joto kwa kadiri ile ile. Vitabu vya wakati ule vilifundisha kwamba rovu ni upungufu wa madini joto, basi. Idjwi ikavikadhibisha, au tuseme, ikavidai nusu ya pili ya maneno. Nusu ile ilipatikana katika chakula, kwani watu wa kaskazini walikula muhogo mwingi zaidi, na matabibu walipojaribu kuwalisha watu muhogo wa kisiwa, tezi zao zilinasa madini joto machache kuliko kwanza, na yaliyobaki yakatoka na mkojo.

Sababu yake ni hii. Ndani ya muhogo mchungu mna kitu kiitwacho linamarini, ambacho muhogo ukikatwa au kutwangwa hukutana na kimeng'enya chake na kutoa sianidi. Mwili haukai ukiitazama sianidi. Huifunga kwa salfa inayotoka katika protini, ikawa thiosianati, ambayo haiui. Lakini thiosianati inafanana mno na madini joto machoni pa tezi, ikapita mlango ule ule na kumsukuma nje mwenye haki. Fauka ya hayo huvuka kondo la nyuma ikamfikia mtoto. (Ashukuriwe Muumba, katika maziwa ya mama haipiti kwa wingi, na hiyo ni hoja moja zaidi kwa wale wanaosisitiza kunyonyesha.) Baadaye wataalamu waliweka mizani: wakipima mikrogramu za madini joto katika mkojo kwa kila miligramu ya thiosianati, wenye afya huzidi 7, na hesabu ikishuka chini ya 3 rovu huenea katika jamii. Mizani hiyo mimi naiona ni yenye hekima kuliko majedwali mengi ya sumu, kwa sababu haiulizi sumu ni kiasi gani pekee. Huuliza pia, imemkuta nani, naye ana nini mkononi cha kujikingia.

Ubangi, kaskazini-magharibi ya nchi yetu, mizani ililala chini kabisa. Pale ilionekana katika miaka ya 1970 kwamba takriban mtoto mmoja kwa kila kumi alizaliwa tezi yake ikiwa imelegea, na hali katika nchi zenye madini joto ya kutosha ugonjwa huo humpata mmoja kati ya elfu mbili mpaka elfu nne. Mama wajawazito walipochomwa sindano moja ya mafuta yenye madini joto, watoto waliozaliwa walikuwa na tezi nzima. Na muhogo haukupigwa marufuku, wala hapakuwa na haja.

Mtanisamehe nikikaa kidogo kijitoni. Muhogo uliomenywa ukilala majini siku tatu au nne hulainika hata kidole kikazama ndani yake bila nguvu, maji yakawa na povu na harufu kali anayoijua kila aliyelelewa kwa bukari, na sehemu kubwa ya sumu imekwisha toka. Mama asiye na kipimo chochote huubonyeza, akavunja kipande, akajua. Sasa, katika Kwango, barabara nzuri ilipofika na malori ya wafanyabiashara wa Kinshasa yakasubiri, siku tatu zikawa moja, na katika vijiji vile ukaenea ugonjwa wa konzo unaopooza miguu. Sisi wa Kamina, ambao mji wetu uko juu ya mstari wa reli wa kwenda Ilebo uliokamilika mwaka 1928, tuwaulize wanunuzi stesheni unga wanaoukimbiza umelala majini siku ngapi.

Nije kwenye migodi, ambako vijana wengi wa Haut-Lomami wamekwenda kuchimba. Katika miaka ya 1950, huko ng'ambo, madaktari waliwapa watoto wenye upungufu wa damu dawa ya kobalti, na baadhi yao wakaota rovu, tezi ikalegea; dawa ilipoachwa, shingo zikarejea. Kwa hiyo kobalti nayo huizuia tezi kunasa madini joto. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenziwe walionyesha kwamba watu wanaokaa jirani na migodi ya Katanga, na watoto hasa, wana kobalti nyingi mno katika mkojo. Na mwaka 2020 ukachapishwa uchunguzi wa Lubumbashi uliopata kwamba watoto ambao baba zao hufanya kazi migodini wako katika hatari zaidi ya kuzaliwa na ulemavu. Sisemi kobalti ya vumbi imekwisha thibitika kuwa rovu la watoto wetu. Nasema mama wa Kolwezi anayekula muhogo uliovundikwa kwa haraka na chumvi isiyotiwa madini joto anaijongelea kobalti akiwa hana ngao, na anayepima kobalti peke yake amepima nusu.

Nanyi wakunga, jambo moja linawahusu ninyi: ile dawa ya kahawia ya kusafishia kitovu, yenye madini joto tele, ikipakwa mara kwa mara juu ya ngozi laini ya mtoto, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati wake, yaweza kuifumba tezi yake kwa wingi wa kitu kile kile tulichokililia.

Na kipimo cha kumtambua mtoto aliyezaliwa tezi yake ikiwa imelegea ni tone la damu ya kisigino juu ya karatasi nene ya chujio, nacho kilianza kutumiwa kwa tezi za vichanga huko Quebec mwaka 1974. Huchukuliwa siku ya tatu hadi ya tano, kwa kuwa siku ya kwanza homoni inayoiamrisha tezi hupanda juu kwa kila mtoto, mzima na mgonjwa, ikamdanganya mpimaji. Karatasi hukaukia kivulini, ikatiwa katika bahasha, na treni ya Lubumbashi yaweza kuibeba.