Tusijibu “Nzuri” Pale Hali Si Nzuri: Malipo ya Ulemavu kwa Wagonjwa wa Akili

Maneno yaliyozungumzwa mbele ya wanachama na wageni katika sherehe yetu ya Uhuru



Nimepewa dakika chache kabla ya pilau, na naijua hatari ya kumzuia Mtanzania asile. Kwa hiyo nitasema jambo moja tu.

Tanganyika ilipopata Uhuru mwaka 1961, Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba tuna maadui watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Hapa Uingereza kuna nyumba za wenzetu ambamo maadui hao watatu wamehamia kwa pamoja. Mtu anaugua ugonjwa wa akili, anashindwa kazi, fedha zinakatika, na hajui kwamba sheria ya nchi hii imemwekea haki yake. Au anajua, lakini anaona haya kuiomba.

Haki hiyo ni malipo yanayoitwa PIP. Yalianza mwaka 2013, kuchukua nafasi ya malipo ya zamani ya ulemavu kwa watu wazima. Huombwa na mtu aliyetimiza miaka 16 ambaye bado hajafikia umri wa pensheni ya serikali. Hayaangalii una akiba kiasi gani, hayakatwi kodi, na hata mwenye kazi anaweza kuyapata. Ndugu zetu walioko Scotland wana malipo yao ya namna hiyo, yenye jina jingine na taratibu zake, kwa hiyo waulize huko huko.

Wengi wetu tunadhani ulemavu ni kiti cha magurudumu au fimbo nyeupe. Sheria haisemi hivyo. Sonona, wasiwasi uliopita kiasi, skizofrenia, maradhi yanayobaki baada ya vita au ukatili, yote yanaingia. Tena PIP haitolewi kwa jina la ugonjwa. Inatolewa kwa jinsi ugonjwa unavyokuzuia kuishi siku yako. Lazima uwe na shida hiyo kwa miezi 3, na itazamiwe kuendelea kwa miezi 9 mingine.

Neno moja la tahadhari. PIP ni fedha za umma. Ikiwa viza yako imeandikwa kwamba huruhusiwi kutumia fedha za umma, usijaze fomu yoyote kabla hujamwona mshauri wa uhamiaji anayetambuliwa kisheria. Na kwa kawaida mwombaji awe ameishi nchini humu jumla ya miaka 2 katika 3 iliyopita. Aliyepewa hadhi ya ukimbizi hadaiwi sharti hilo la miaka.

Sasa nije kwenye shida yetu sisi Waswahili. Shida yetu ni uungwana.

Mtu wetu akiulizwa “hujambo?” anajibu “sijambo,” hata kama ana homa. Akiulizwa habari, anasema nzuri, kisha ndiyo anaeleza msiba. Mwenye imani anamshukuru Mungu kwanza. Haya ni malezi mema, na sikuja hapa kuyavunja. Lakini mtathmini wa PIP hakulelewa Tanga wala Kigoma. Ukimwambia “nzuri,” anaandika nzuri. Ukiinamisha macho kwa heshima, anaweza kuandika kwamba huna mengi ya kusema. Na mgeni akija, sisi tunamwogesha mgonjwa, tunampigia pasi shati, tunamkalisha sebuleni. Mtathmini anamkuta mtu msafi, ametulia. Hajui kwamba dada yake alianza kumbembeleza aoge tangu alfajiri. Basi mwambieni! Kubembelezwa huko ndiko kunakohesabiwa.

Tazameni hesabu yenyewe. Fomu ina shughuli 10 za maisha ya kila siku, kama kupika, kula, kuoga, kuvaa, kuzungumza na watu na kupanga fedha. Kuna nyingine 2 za kutoka na kwenda mahali. Kila moja ina pointi. Ukifikisha 8 katika kundi moja unapata kiwango cha kawaida, na ukifikisha 12 unapata kiwango cha juu. Sasa tuseme kuna kijana mwenye sonona. Mikono yake mizima, miguu mizima. Lakini bila kuhimizwa hapiki: pointi 2. Bila kuhimizwa haogi: 2. Habadilishi nguo: 2. Hawezi kukaa na watu bila mtu wa kumtia moyo: 2. Jumla ni 8. Kijana huyo akijibu kwa kiungwana kwamba “kupika naweza, kuoga naweza,” anapata sifuri, na ugonjwa wake ni ule ule.

Na anayeishi peke yake asikate tamaa. Swali ni msaada gani anauhitaji, hata kama hakuna wa kumpa.

Kwa kila shughuli, sheria inataka tujiulize mambo manne. Je, unaweza kuifanya kwa usalama? Unaifanya ipasavyo? Unaweza kuirudia kila inapohitajika? Unaimaliza kwa muda unaofaa? Likikosekana moja, basi kisheria huwezi. Na kwa kuwa maradhi haya yana siku nzuri na siku mbaya, hesabu zile siku. Shida ikikupata zaidi ya nusu ya siku zako, inahesabiwa. Kwa hiyo nunua daftari, uandike kila siku mistari miwili: leo nimelala saa ngapi, nimekula au sikula, nani amenihimiza. Baada ya mwezi daftari hilo litasema yale ambayo wewe unaona haya kuyasema.

Jambo jingine ni lugha. Mama akisema “nina mawazo,” kila mmoja humu ndani anaelewa kwamba halali, hali, amezama. Likitafsiriwa neno kwa neno, linakuwa mtu mwenye fikra, na nani hana fikra? “Moyo unanienda mbio,” “kichwa kinawaka moto,” “sina raha” yana hatari hiyo hiyo. Kwa hiyo usiishie kwenye msemo. Sema kinachotokea: “Siku nne kwa wiki siinuki kitandani mpaka mchana.” “Nikisikia mlango unagongwa najificha.” Omba mkalimani, ni bure, na usimtumie mwanao mdogo. Mama gani atamweleza mtathmini, kwa mdomo wa binti yake wa miaka kumi, kwamba alitaka kujiua?

Sisemi mtu aongeze chumvi. Uongo ni haramu na ni kosa la jinai. Lakini kuficha nako si ukweli. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa daktari vilevile: anayemwambia GP wake kila mara kwamba hajambo, asishangae faili lake likiwa tupu siku ya kuhitaji ushahidi.

Haya, umeomba, umerudisha fomu ndani ya mwezi 1, umefanyiwa tathmini, na barua imekuja: umekataliwa. Wengi wetu tunaishia hapo. Tunasema ndiyo riziki yangu. Ndugu zangu, barua ile ni mwanzo wa safari ya pili.

Hatua ya kwanza, ndani ya mwezi 1 tangu tarehe iliyoandikwa kwenye barua, unaiomba idara iangalie uamuzi wake upya. Omba pia nakala ya ripoti ya mtathmini, uisome na mtu, na ujibu shughuli kwa shughuli: hapa mmeandika anapika, ukweli ni huu. Ukikataliwa tena, una mwezi 1 mwingine wa kukata rufaa kwenye baraza huru. Ukichelewa, eleza sababu. Ugonjwa wenyewe unaweza kuwa sababu. Baraza hilo haliko chini ya idara iliyokukatalia. Kwa kawaida huketi jaji, daktari na mtu mwenye ujuzi wa mambo ya ulemavu. Hakuna ada, na mkalimani hulipwa na wao. Katika PIP, zaidi ya nusu ya kesi zilizosikilizwa hadi mwisho kwa miaka mingi zimekwenda upande wa mwombaji. Kumbuka mawili tu. Baraza linaangalia hali yako ilivyokuwa siku ya uamuzi ule, si leo. Na lina uwezo wa kupunguza pia, kwa hiyo kama umepewa kidogo ukitaka zaidi, pata ushauri kwanza, kwa mfano kwa Citizens Advice.

Kama mtu atakuambia kwamba serikali haishindwi, mkumbushe mwaka 2017. Mwezi Machi serikali ilibadilisha kanuni, ili mtu asiyeweza kufanya safari kwa sababu ya hofu na dhiki ya akili apewe pointi chache kuliko mwenye sababu nyingine. Mwombaji mmoja alikwenda Mahakama Kuu. Desemba mwaka ule ule Mahakama ikasema kanuni hiyo ni ya ubaguzi na si halali, na serikali haikuendelea kuitetea. Mtu mmoja mgonjwa alikataa kunyamaza, na faida ikaenea kwa maelfu.

Namaliza. Mgonjwa wa akili hawezi kuifanya safari hii peke yake. Bahasha ya kahawia tu inaweza kumlaza wiki nzima. Anahitaji mtu wa kukaa naye mezani, kumsomea na kumsubiri anapolia. Tuache kumwita kichaa. Anayetaka kumwombea dua amwombee, na baada ya dua ampe kalamu. Naomba kila mmoja wenu, kabla ya mwaka huu kwisha, amkumbuke ndugu mmoja ambaye siku hizi haonekani misibani wala harusini. Mpigie simu. Akisema “nzuri,” muulize mara ya pili.

Uhuru na Umoja!