Kingamwili Katika Damu na Moyo wa Kijana

Mliomba tuzungumze juu ya mshtuko wa moyo kwa watu ambao bado hawajazeeka. Mama mmoja ameniuliza kama ni kweli unaletwa na bakteria, na kama mtu akimeza antibaiotiki moyo utakingwa.

Bakteria wakiingia, mwili hutengeneza kingamwili, yaani askari wake. Askari hao hukaa kwenye damu muda mrefu, na daktari akiwaona anajua ni adui gani aliyeingia.

Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo haya. Walipima damu ya watu 1,122 wa miaka 30 hadi 49 walionusurika mshtuko wa moyo, na ya wengine 1,122 wa umri huo wasio na ugonjwa wa moyo. Walitafuta kingamwili za Helicobacter pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo. Kwa wagonjwa walizikuta kwa watu 42 katika kila 100. Kwa wale wazima, 24.

Basi ni bakteria aliyewaangusha? Ngojeni kwanza. Bakteria huyu huingia sana utotoni, kwenye nyumba zenye msongamano. Aliyekulia katika shida huwa naye zaidi, na shida hiyo huja na mengine mengi. Madaktari walipohesabu pia sigara na hali ya maisha, ile tofauti ilipungua, ingawa haikuisha.

Bakteria mwingine, wa kifua, alishukiwa vilevile. Huko Marekani wagonjwa wa moyo 4,012 waligawanywa: nusu walipewa antibaiotiki kila wiki kwa mwaka mzima, nusu vidonge visivyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Mishtuko haikupungua hata kidogo!

Kwa hivyo mama, pesa hiyo usiipeleke duka la dawa. Nenda zahanati upimwe presha na sukari, na mzee nyumbani aache sigara. Akishikwa na maumivu ya kifua yanayokaza na jasho jembamba, msingoje asubuhi, mpelekeni hospitali.

Lakini kuna bakteria mmoja ambaye kweli huharibu moyo, ule wa koo. Mtoto akiumwa koo na homa bila kikohozi wala mafua, mpelekeni kituo cha afya. Asipotibiwa, kingamwili zake zinaweza kugeuka zishambulie vali za moyo wake mwenyewe. Hapo penisilini husaidia kabisa. Na yule ambaye ameshaambiwa achomwe sindano kila wiki tatu au nne, asiruke hata moja, hata akijisikia mzima.