Kabla Hajasema "Ni Kweli"

Vijana wa Samburu! Mwajua wale Wahabeshi wanaokamatwa huku Kwale wakipelekwa Tanzania? Korti inawasomea shtaka la kuwa nchini bila kibali, Kiswahili hawajui, wanaitikia tu "ni kweli", wanafungwa.

Sasa sikizeni. Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010 yasema aliyelanguliwa hana hatia kwa kosa hilo. Si wote walilanguliwa, wengine walilipa wenyewe wapitishwe. Lakini wakili ndiye atakayeuliza: nani amekushikia pasipoti? Ulitumikishwa wapi? Ukirudi kwenu uko salama?

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imemtaja aliyelanguliwa, na mkimbizi pia. Mkalimani ni bure, Katiba kifungu cha 50. Mkisikia wamekamatwa, tupigieni siku hiyohiyo, kabla hawajajibu shtaka.